Jina la Fundi wa Pampu

Boris Kuzyk ni dalali wa mnada wa ng'ombe, na watu wa kijiji chetu cha Dolyna wanamwamini kwa jambo moja: hamtangazi anayepandisha dau. Wakulima wetu hawapendi kunyoosha mikono kama watoto wa darasani. Mmoja hukuna sikio, mwingine hugeuza kijiti cha meno mdomoni, na Nestor Wintoniak hugusa ukingo wa kofia yake kwa kidole kimoja. Boris anazijua ishara zote hizo na anazitunza kama padri anavyotunza maungamo. Ndiyo maana mwezi Oktoba, kwenye karamu ya mavuno ya kanisa, mume na mke waliweza kushindana wao kwa wao dakika tano nzima, na hakuna aliyewashtukia.

Wanaume walikuwa wamejipanga ukutani karibu na mlango, wameshiba bata mzinga. Wanawake walikuwa jikoni, maana kwetu aliyepika haketi mpaka meza ya mwisho imekula. Ksenia, mke wa Nestor, alikuwa nyuma ya kidirisha cha kupitishia sahani, unga umempanda hadi kwenye viwiko, mwiko mkononi. Kati yake na mumewe kulikuwa na watu mia mbili na rundo la makoti. Hakumwona mumewe, wala mumewe hakumwona.

Kilichokuwa kinanadiwa ni jina. Glenda Prystupa, aliyekuwa karani wa posta yetu miaka thelathini, alipostaafu alianza kuandika vitabu vya mauaji, na kila kitabu kinatokea katika kijiji anachoapa kwamba si chetu. Safari hii, ili kanisa lipate paa jipya, alitoa nafasi moja: atakayeshinda mnada atachagua jina la mtu mmoja ndani ya kitabu kinachokuja.

"Dola hamsini!" Boris alianza. "Hamsini tu, jamani, uishi milele, tena bila kwenda kuungama!"

Watu wakacheka. Mwenye duka akapandisha, mwalimu naye akapandisha, wakachoka kwenye mia na ishirini. Hapo ndipo mwiko wa Ksenia uliponyanyuka kidirishani. Mia na hamsini. Kule ukutani kidole kikagusa kofia. Mia mbili. Mwiko. Kofia. Mwiko. Ilipofika mia tano watu wakaanza kugeuza shingo. Boris jasho lilimtoka. Alikuwa anawaona wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo alitamani kusema.

"Mia saba na arobaini," alitamka kwa sauti ya chini. "Dau la jikoni. Mara ya kwanza. Mara ya pili." Akamtazama Nestor. Nestor akatazama viatu vyake. "Imekwenda jikoni."

"Jikoni nani?" mtu akauliza.

"Ksenia!" Pearl Romaniuk, aliyekuwa anaosha vyombo pembeni yake, alipiga kelele kwa furaha. "Ni Ksenia wetu!"

Mike Fedun, jirani yao, alikuwa amesimama bega kwa bega na Nestor na alikuwa amekiona kile kidole kila kilipopanda. Aliangua kicheko mpaka akajishika magoti. "Lo! Nestor! Kumbe ulikuwa unampandishia mkeo! Mzee kajiibia mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukacheka, hata padri akafuta machozi. Ksenia aliuweka mwiko chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akaendelea kupakua kwa sababu kulikuwa na watu hawajala. Uso ulimwaka. Alielewa jambo moja tu, tena alilielewa vibaya: kwamba Nestor alijua jina analolitaka mkewe, na alikuwa anapandisha ili alizuie.

Walirudi nyumbani kwa gari jua bado lipo, bakuli tupu la pirohi, maandazi ya viazi ya kuchemsha, likigongagonga miguuni pa Ksenia. Ksenia alivumilia kilomita nne.

"Ulijua," Ksenia alianza.

"Nilijua nini?"

"Nilichokuwa nakitaka."

"Mimi hata sikujua kama umo kwenye mnada. Nilidhani unachemsha pirohi."

"Haya, na wewe ulikuwa unataka nini? Tangu lini unasoma vitabu?"

Nestor akabadilisha gia, ingawa gari halikuhitaji. "Paa la kanisa linavuja."

"Ungetoa kwenye sahani ya sadaka kama watu wengine. Ningelipata kwa mia na hamsini."

"Na wewe ungeacha, ningelipata kwa mia mbili."

Akanyamaza, na Nestor akinyamaza amenyamaza. Mke wake anaijua hali hiyo kwa miaka hamsini na nne ya ndoa. Hapigi, hatukani, halewi. Anaingia ndani yake na kufunga mlango, na wewe unabaki nje umeshika chakula chake.

Jina lenyewe lilikuwa Lorne. Ndiye mtoto wao pekee. Alikuwa na miaka kumi na tisa siku ngano ilipogandamana ndani ya ghala la bati, na babake akamwambia aingie na koleo aivunje, yeye akiwa nje kwenye mashine inayotoa ngano kwa chini. Ngano ilimmeza kabla hata mtu hajamaliza kufungua kamba za kiatu. "Mimi ndiye niliyemwambia aingie," Nestor aliwaambia polisi siku hiyo. Tangu hapo hakulizungumzia tena, si kwa polisi, si kwa padri, si kwa mkewe. Imepita miaka thelathini na mitatu.

Hakuna aliyetunga sheria kwamba jina hilo lisitajwe. Lilikoma tu mezani kwao, halafu likakoma kijijini, kwa huruma. Sisi majirani tukimwona Nestor anakuja tulibadilisha mazungumzo. Tulidhani tunamstahi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nikikumbuka naona aibu, kwa sababu yule mama alimpoteza mtoto mara moja na sisi tukampotezea mara ya pili.

Ksenia hakutaka sanamu wala kibao cha shaba. Jiwe la makaburini lipo, na hulipelekea maua. Alitaka kuliona jina la mwanawe limekaa katikati ya majina ya watu wenye shughuli zao, wanaoamka, wanaochelewa, wanaokunywa chai. Alikuwa amelifikiria hilo wiki tatu, tangu aliposoma tangazo kwenye jarida la kanisa.

Kulikuwa na fomu. Glenda aliianzisha baada ya kitabu chake cha kwanza, ambamo mwizi alikuwa anachechemea, na wanaume wanne wanaochechemea wakaacha kumsalimia. Jina la mtu aliye hai lilihitaji sahihi yake mwenyewe. Jina la marehemu lilihitaji sahihi za wazazi wote wawili kama wapo. Na fomu ilitakiwa irudi Ijumaa, maana kitabu kilikuwa kinaenda kiwandani kuchapwa.

Jumatatu asubuhi Ksenia aliijaza kwa mwandiko wake wa shule, akatia sahihi, akaiweka mezani na kuikandamiza kwa kopo la sukari. Nestor hunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari. Siku hiyo alikunywa bila sukari. Jumanne alikunywa bila sukari. Angelisogeza kopo, angelazimika kuisogeza karatasi, na angeisogeza, angeisoma.

Huko nje nako hawakupumzishwa. Kwenye duka la ushirika msichana wa kaunta alimuuliza Ksenia, "Bibi, utauawa ukurasa wa ngapi? Nisije nikapitiliza." Ksenia akacheka naye, akalipia hamira yake, akafika kwenye gari ndipo akagundua kwamba ameacha chenji. Nestor naye alikwenda kunywa kahawa kituo cha mafuta, ambako wanaume wetu hukutana kila asubuhi kulalamikia bei ya ngano. Alipoingia, wote sita wakagusa kofia zao kwa pamoja. Mike Fedun akanyanyua donati juu.

"Nanadi donati hii! Dola moja kwa Nestor! Ksenia yuko wapi apandishe?"

Nestor alitabasamu, akanywa nusu kikombe, akaondoka. Jumatano hakwenda kabisa, akakaa nyumbani akinoa visu ambavyo havikuwa butu.

"Sahihi moja tu," Ksenia alimwambia mchana wa siku hiyo, mgongo ukiwa umemwelekea, anaosha viazi. "Sikuombi uzungumze. Andika tu hapo chini."

"Weka jina la mama yako."

"Mama yangu alikufa na miaka tisini na moja. Yeye aliishi, akatosheka."

"Glenda anaua watu," Nestor alisema.

"Nini?"

"Kwenye vitabu. Anaua. Pearl alimsimulia Mike. Kila baada ya kurasa ishirini anatafuta mtu wa kumuua."

"Ni hadithi, Nestor."

"Najua ni hadithi." Akachukua kofia, akatoka kwenda kuangalia trekta.

Ksenia akaacha viazi, akakaa. Alilia kidogo, si sana, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Aliona kwamba ameolewa na mtu ambaye angekubali mwanawe asiandikwe popote, mradi yeye asiguswe. Hilo ndilo aliloliona, na ukitazama lile kopo la sukari, nani angemlaumu?

Alhamisi alasiri Glenda alikuja mwenyewe, kabrasha la kurasa kwapani. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya posta bado, ile ya kusema "anayefuata" kila anapomaliza jambo. Ksenia alimkatia keki ya asali. Nestor alimsalimia, akajiondoa hadi kwenye kibaraza cha nyuma, mahali pa kuvulia viatu vya shambani, akaanza kupaka mafuta buti. Mlango aliuacha wazi kiasi cha kiganja.

"Nisikudanganye, dada," Glenda alisema. "Kitabu kimeshaandikwa. Wasio na majina wamebaki watatu. Wa kwanza anakutwa bondeni."

"Anakutwa anafanya nini?"

"Anakutwa amekufa."

"Huyo hapana," Ksenia alisema haraka. "Mwanangu alishakufa."

Kule kibarazani kitambaa cha kupaka mafuta kilisimama.

"Nilijua utasema hivyo, nimemtaja ili nisikufiche tu. Wa pili ni mlevi wa hotelini. Ana maneno mazuri, lakini ni mlevi. Wa tatu ni fundi wa pampu. Anakuja nyumbani kwa mjane, anatengeneza pampu ya kisima, anaondoka. Kurasa mbili. Si mtu wa maana." Glenda akashusha sauti. "Mimi nina wazo jingine. Naweza nikamtunga mpya. Kijana wa miaka kumi na tisa, mzuri, shujaa wa zimamoto. Aokoe mtoto. Watu walie."

Ksenia aliwaza. Kijana mzuri, shujaa. Ni zawadi kubwa, na Glenda aliitoa kwa moyo safi. Lakini hakumtaka. Lorne wa miaka kumi na tisa alikuwa naye tayari. Alikuwa naye kwenye picha ukutani, amevaa koti la sherehe lililombana mabegani, hajawahi kuzidi hapo hata siku moja.

"Huyo fundi ana miaka mingapi?"

Aliyeuliza alikuwa Nestor. Amesimama mlangoni, buti moja mkononi, nyingine mguuni.

Glenda alipekua karatasi. "Sijaandika. Mtu mzima. Hamsini na kitu."

"Hamsini na mbili," Nestor alisema.

Ksenia alikuwa amepiga hesabu hiyo ya umri wa mwanawe kila mwaka, kila siku ya kuzaliwa, peke yake, akidhani nyumba nzima ni yeye tu anayeipiga.

"Nitaweka hamsini na mbili," Glenda akajibu taratibu.

"Ana nywele?"

"Nimeandika tu kwamba alivua kofia alipoingia."

"Hana nywele. Kwetu hakuna mwanamume anayevuka thelathini na nywele zake. Baba, mimi, kaka yangu. Andika upara." Nestor akaja mezani, akavuta kiti, akakaa. "Na anatumia mkono wa kushoto. Lorne ni wa kushoto."

Alilisema jina hivyo hivyo, kama mtu anayeomba chumvi. Ksenia alishika ukingo wa meza.

"Nestor," alisema. "Siku ile ukumbini. Ulikuwa unataka jina la nani?"

"La nani tena?"

"Mbona hukuniambia!"

"Na wewe hukuniambia."

"Kwa hiyo tumepandishiana..."

"Ndiyo."

"Jina lilelile."

"Ndiyo, Ksenia." Akalitazama buti alilolishika kana kwamba hajui limefikaje mkononi. "Nilitaka niwe mimi wa kumwambia Glenda asimuue. Halafu ukashinda wewe, nikaona unamkabidhi tu, yeye amfanye atakavyo. Sikuweza kutia sahihi. Nilishasema 'ingia' mara moja pasipotakiwa."

Ksenia aliinuka, akaenda akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akaweka kiganja juu ya ule upara, akakiacha hapo. Glenda, ambaye ameua watu kumi na wanane kwenye vitabu vinne, alijifanya anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa machoni.

"Soma," Nestor akamwambia. "Soma hizo kurasa mbili."

Glenda akasoma. Fundi anafika asubuhi, anavua kofia, anakataa kahawa kwanza. Anafunua kisima. Anawasha tochi, anaanza kushuka kwenye ngazi...

"Asiingie," Nestor alisema.

"Samahani?"

"Asiingie humo."

"Nestor, pampu iko chini. Lazima ashuke ili mjane abaki peke yake juu, ndipo polisi..."

"Pampu inavutwa juu. Kila fundi mwenye akili anaivuta juu. Anaifunga kamba, anaivuta, anaitengeneza kwenye nyasi, juani." Akaliweka buti sakafuni. "Na awe na mtu wa kushika kamba. Usimwandike peke yake. Mwandike amesimama juu, na mtu yuko naye, ameshika kamba."

Glenda alitoa kalamu. Alikata mistari minane, na kwa mwandishi hilo si jambo dogo, kisha akaandika pembeni kwa herufi ndogo. Akawasomea. Nestor akasahihisha aina ya fundo. Ksenia akauliza kama ana mke. Glenda akasema kurasa mbili hazitoshi mke, Ksenia akasema zinatosha pete, akaandikiwa pete.

"Na mwisho?" Ksenia akauliza.

Glenda alisita. "Mwisho nimeandika, 'Fundi akaondoka na mjane hakumwona tena.'" Hakungoja waseme. Aliukata mstari huo mwenyewe. "Aseme nini?"

"Aseme atarudi theluji ikiyeyuka," Nestor alisema, "kuja kuikagua."

Kisha akalisogeza kopo la sukari, akachukua fomu, akatia sahihi. Akaweka vijiko vitatu kwenye chai yake, iliyokuwa imeshapoa, akainywa yote.

Kitabu kilitoka mwezi wa Aprili, barabara zikiwa matope matupu. Nestor alikuwa amesharudi kituo cha mafuta, lakini asubuhi ile alipofungua mlango aliona kitabu mezani, mbele ya Mike Fedun, kimefunguliwa katikati. Hakuna aliyegusa kofia. Mike alikuwa mwekundu hadi masikioni. Bila shaka alikuwa amekumbuka ile donati.

"Nestor," alisema. "Nimefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili."

Nestor akasubiri.

"Lorne ana upara," Mike alisema.

Wanaume wote walitazama vikombe vyao. Nestor alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo ili taa iking'arishe. "Ulitaka nywele azitoe wapi?"

Mmoja akacheka kwa pua, mwingine akamfuata, na Mike akacheka huku anajipangusa macho kwa mkono wa shati. Boris Kuzyk akasema Lorne alikuwa mtu wa kwanza kuendesha trekta la baba yake bwawani. Mwingine akasema hapana, lilikuwa trekta la Mike, na alifanya makusudi. Nami nilisema kwamba aliwahi kunikopa gitaa na hakulirudisha. Tukaendelea hivyo mpaka kahawa ikaisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaja bei ya ngano.

Nestor alipofika nyumbani Ksenia alikuwa anapanda mbegu za nyanya kwenye makopo dirishani. Alisimama mlangoni na matope yake.

"Wamemtaja," alisema.

Ksenia akageuka, udongo vidoleni. "Akina nani?"

"Wote," Nestor akasema, akakaa kuvua buti.